Australia wamefunga mitandao kwa walio chini ya miaka 16. Sisi ambao mtoto anatumia simu ya mama, tuanzie wapi?

#1 MuuguziWaZamu (Kibaha)
Habari za jioni wakuu.

Nina kijana wa darasa la sita. Hana simu, hana laini, hana akaunti yoyote kwa jina lake. Anatumia ya kwangu. Wiki iliyopita alamu haikulia, nikaamka saa moja kasorobo wakati saa moja na nusu natakiwa niwe wodini. Nikafungua WhatsApp ikaniambia tarehe ya simu si sahihi, nirekebishe. Kuangalia, simu inasoma keshokutwa usiku. Nikadhani imeharibika. Kumbe kijana ana gemu ambalo ukifa mara tano unasubiri nusu saa ndipo unarudishiwa maisha, naye amegundua kuwa ukisogeza saa ya simu mbele maisha yanarudi palepale. Kazi yake ilikuwa hiyo usiku kucha, simu chini ya mto. Nilipoishika bado ilikuwa na moto, chaji asilimia 4.

Sikumpiga. Kilichoniuma ni kwamba tangu muhula uanze mwalimu wake analalamika mtoto anasinzia darasani. Nimempima malaria mara mbili, nimempa dawa ya minyoo, nimempima wingi wa damu. Swali la amelala saa ngapi sikuwahi kumuuliza.

Sasa Australia tangu 10 Desemba 2025 wamezuia akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16, na wenzangu kazini wanasema na sisi tufanye hivyo. Naomba mawazo: sheria ya namna hiyo ingemgusa mtoto kama wangu? Na kama haimgusi, sera yetu ya afya ya watoto kwenye mambo haya ya simu iandikwe kuanzia wapi?

#2 Baba Kulwa
Pole dada. Mimi nasema sheria ije hata kesho. Kule mtoto akikutwa na akaunti, yeye na mzazi wanapigwa faini. Ndiyo maana wanaogopa.

#3 MamaWaAdelaide
Kaka #2, hapana. Mimi ni mzaliwa wa Bujumbura, naishi Adelaide mwaka wa kumi na moja. Hapa mtoto haguswi na mzazi haguswi. Faini ni ya kampuni, mpaka dola milioni 49.5 za Australia. Bunge lilipitisha Novemba 2024, kampuni zikapewa mwaka mmoja kujipanga. Iliyofungwa ni Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Twitch na Kick. WhatsApp haimo. Roblox haimo.

Binti yangu ana miaka 14. Mtandao mmoja ulimwambia ajipige picha ya uso ukadirie umri wake, ukamfungia. Rafiki yake wa darasa moja uso wake ulisomeka wa mtu mzima, bado yumo mpaka leo. Wangu alilia siku mbili. Siku ya tatu alitoa baiskeli iliyokuwa na vumbi la mwaka mzima. Msifurahi mapema, maana sasa wana kundi la WhatsApp, wako 31, na yale maneno mabaya waliyokuwa wakiandikiana kule wanaandikiana humo.

Nashukuru kitu kimoja tu. Zamani nikisema hapana nilikuwa mama mbaya peke yangu mtaa mzima. Sasa hapana ni ya wote.

#4 FundiWaKioo (Kariakoo)
Dada Muuguzi, hiyo ya kusogeza tarehe naijua, watoto wanafundishana. Simu zinakuja mezani kwangu tarehe ya mwaka ujao, mwenyewe analalamika programu ya benki haifunguki.

Likizo ikianza napata wateja wa miaka 10, 11. "Shikamoo anko, simu ya mama imejifunga, nitolee paterni." Namwambia mlete mama. Wengi hawarudi, wanaenda meza ya jirani.

Kuhusu swali lako, sheria ya umri inashika akaunti. Simu nyingi ninazofungua akaunti ni ya mama, kazaliwa 1986, na humo ndani kuna kwaya, mapishi, katuni, na watu wanaopigana. Mtambo wa kampuni hauoni mtoto, unaona mama wa miaka arobaini anayependa katuni. Nenda kwenye historia ya video uangalie jana: imeanza katuni saa mbili usiku, ikawa inajiendesha yenyewe moja baada ya nyingine, kufika saa tano ni kitu ambacho hata wewe huwezi kukitazama mbele ya mkweo. Mtoto hakutafuta. Zima hiyo ya video kujiendeleza leo hii, haihitaji Bunge.

#5 Mwl_Bweni
Nafundisha sekondari ya bweni, Shinyanga. Shuleni kwetu simu ni marufuku na bado tunazikamata: ndani ya mkate uliochimbwa katikati, ndani ya mche wa sabuni uliokatwa ukaunganishwa tena kwa moto wa mshumaa. Kwa hiyo kuzuia nakujua vizuri.

Lakini watoto ninaowaona wamenyong'onyea, wale wanaoanza kujitenga, wengi hawana simu kabisa. Kengele ya kuamka saa kumi alfajiri. Prepo ya mwisho inaisha saa nne usiku, mpaka afue soksi na apande kitandani ni saa tano. Saa tano za usingizi, siku sita za wiki, miaka minne. Tukisema kioo ndicho kinawanyima usingizi, tuhesabu na usingizi tunaoukata sisi kwa ajili ya wastani wa shule.

#6 MuuguziWaZamu
Mwalimu umenigusa. Makadirio tunayotumia ni saa 9 mpaka 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 mpaka 10 kwa wa 13 hadi 18. Hao wako wanaishi kwa nusu au zaidi kidogo tu. Sikuwahi kulifikiria bweni kwa jicho hilo.

#7 MwanaMvita
Asalam aleikum. Nyie mwazunguka. Shirika la Afya Duniani lishasema simu ni maradhi, na mtoto wa chini ya miaka mitano asionyeshwe kabisa. Sasa sera gani tena mwataka?

#8 Tabibu_Msaidizi
Waaleikum salaam. MwanaMvita, mambo mawili umeyachanganya.

Kilichoingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya WHO, ile ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, ni uraibu wa gemu. Simu yenyewe haimo. Na masharti yake ni mazito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limekuwa mbele ya kila kitu, anaendelea hata likimharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12. Kijana wa #1 hajafika huko, tusimbandike jina la ugonjwa.

Na mwongozo wa 2019 kuhusu walio chini ya miaka 5 unasema hivi: asiyetimiza mwaka hakuna kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Mwongozo ule una kurasa nyingi kuhusu kucheza, kutambaa na kulala. Watu wameshika la simu tu.

#9 MwanaMvita
Haya daktari, nimekosolewa na nimekubali. Ila mjukuu wangu miaka mitatu hali wali mpaka awekewe simu mezani. Hilo mwalitia orodha gani?

#10 Baba Kulwa
Bibi hilo ni la kwako, nani alimzoesha? 😄

#11 MwanaMvita
Mimi. Nilikuwa nataka ale.

#12 MiwaniMbeya
Napima macho. Wazazi wananijia na "mwanga wa simu unamla macho." Ninaouona mimi ni uoni hafifu wa mbali kwa mtoto anayekaa ndani. Guangzhou, China, walifanya jaribio shule za msingi: nusu ya shule wakaongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku, zingine zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu waliopata tatizo jipya la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 kwenye shule za nje, na karibu 40 kwenye zile nyingine. Hawakugusa simu ya mtu. Walimtoa mtoto juani.

Sasa niambieni, mtaani kwenu kiwanja kiko wapi? Kwetu palikuwa na viwili. Kimoja ni maghala, kingine ni maegesho ya malori. Mimi sera yangu ya afya ya kidijitali ingeanza kwa kurudisha kiwanja.

#13 MzeeWaKibandaUmiza
Hapo #12 nimekupata. Tuliosoma miaka ya tisini tulilaumiwa kibanda umiza, kile cha kuonyesha video kwa kiingilio, kwamba kitatufanya wezi. Tuliingia kwa hamsini, benchi la mbao, joto kama tanuri, tukatoka tukaenda kucheza mpira mpaka giza. Ndiyo hawa tunalipa ada.

#14 Mwl_Bweni
Mzee, kibanda umiza kilifungwa saa nne usiku mwenyewe akaenda kulala. Kilichopo chini ya mto wa mtoto wa #1 hakina mwenyewe wa kuja kufunga.

#15 MtuWaTakwimu
Naomba nitofautiane kidogo na wengi. Mwaka 2019 watafiti Orben na Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani. Matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao, kiasi ambacho walikilinganisha na kula viazi. Wako wataalamu wanaopinga vikali na kusema wastani unaficha wasichana wa miaka 11 hadi 13 na wale wanaotumia kupita kiasi. Mei 2023 Vivek Murthy, daktari mkuu wa serikali ya Marekani wakati huo, alitoa tahadhari kwamba hatuwezi kusema mitandao ni salama vya kutosha kwa watoto. Mabishano hayo hayajaisha, na takwimu nyingi ni za watoto wenye simu yao na chumba chao. Mtoto anayeazima simu ya mama kwa zamu na wadogo zake wawili karibu hayumo.

Na kufunga kwa saa kumewahi kujaribiwa. Korea Kusini tangu 2011 walizuia gemu za mtandaoni kwa walio chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakaingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi. Ilifutwa Januari 2022. China tangu 2021 ni saa moja tu, saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

#16 FundiWaKioo
Namba za wazazi! Si ndiyo nilisema #4? Huku laini zote za nyumba zimesajiliwa kwa NIDA, kitambulisho cha taifa, ya mama.

#17 Kisauni254
Hamjambo. Nyinyi mnaongea gemu, huku kwetu gemu zimegeuka kamari. Kijana wa dadangu, kidato cha tatu, alifungua akaunti ya kubeti kwa kitambulisho cha nyanya yake. Nyanya hajui hata simu ikilia inashikwaje. Kijana alikuwa anaangalia ile ndege ya gemu la kubeti ikipanda kwenye kioo akingoja kutoa pesa kabla haijapotea, shilingi ishirini, hamsini, mia, mpaka pesa ya karo ikaisha. Akanyamaza. Hali, hasemi, tukadhani ni mapenzi. Huyu hakuhitaji somo la mitandao ya kijamii, alihitaji mtu azuie mtoto kuweka dau saa tisa usiku.

Mwishoni mwa Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku hizo tulipumua: redio matatuni bila kamari. Aprili hiyohiyo Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto mtandaoni. Kwetu Kisauni sijakutana na mzazi aliyeusikia.

#18 Baba Kulwa
Kubeti isiingizwe humu jamani, mtafungua uzi wa pili. Hiyo ni tamaa ya mtu.

#19 Kisauni254
Baba Kulwa, mtoto wa miaka 16 aliyenyimwa usingizi na mashine iliyotengenezwa imnyime usingizi, hiyo si tamaa. Na ndilo jambo analosema Muuguzi. Sioni tofauti ya maisha ya gemu na ile ndege, ila moja inakula saa na nyingine inakula karo.

#20 NiaF4
Naomba na mimi niseme, nimemaliza kidato cha nne, nina miaka 17. Kurasa zote hizi hakuna aliyeuliza sisi tunatumia simu kwa nini.

Nilipovunja ungo nilikuwa kwa shangazi na nilimwogopa. Niliuliza kwenye simu yake usiku, nikasoma kwamba damu ya hedhi si ugonjwa, nikalala. Rafiki yangu aliyepoteza baba yake alikuwa na kikundi cha wenzake mtandaoni kilichomfariji kuliko sisi tuliokaa naye darasani, sisi tulimwambia ajikaze. Mkifunga vyote, hayo tutamuuliza nani? Kwenye zahanati yetu ukienda ukiwa binti dirishani wanakuuliza kwa sauti umekuja kufanya nini.

Silali na simu sasa, naiacha jikoni. Niliamua mwenyewe baada ya kuona wasichana wengi wazuri mpaka nikaanza kuuchukia mdomo wangu. Kwa hiyo na yale ya Murthy nayaelewa. Ila msituandikie sera kama sisi ni minyoo ya kunyweshewa dawa.

#21 MuuguziWaZamu
Nia mwanangu, asante kwa kusema. Hilo la dirishani ni kosa letu sisi wa afya, na nimelifanya na mimi, foleni ikiwa ndefu.

Nikuunge mkono kwa upande mwingine. Simu hizi zimewasaidia watoto wetu kabla hata hawajaweza kuzishika. Usajili wa vyeti vya kuzaliwa kwa walio chini ya miaka mitano, ule ulioanzia Mbeya 2013, taarifa zilitumwa kwa simu kutoka zahanati, mama akaondoka na cheti bure siku ileile. Mama aliyepoteza kadi ya kliniki, mfumo wa chanjo wa kielektroniki unanionyesha mtoto amekosa dozi gani. Sitaki sera itakayotuambia kifaa ni adui.

#22 WakiliKijiweni
Hapo pa taarifa Muuguzi ndipo wengi hawaangalii. Kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania, taarifa za mtoto ziko kundi la taarifa nyeti, sawa na za afya. Kwa hiyo taarifa ya afya ya mtoto ni nyeti mara mbili. Kenya wana sheria yao ya 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi KSh 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Mimi mwenyewe mwanangu alilazwa kwa utapiamlo mkali, jina la zahanati silitaji. Miezi miwili baadaye binamu yangu akanitumia picha ya mtoto kutoka kundi la WhatsApp la watu nisiowajua, mbavu zote nje, kadi ya kliniki ubavuni, jina linasomeka. Aliyepiga alikuwa na nia njema, alitaka ushauri kwa wenzake. Mtoto sasa ana miaka saba na amenenepa. Picha bado ipo kwenye simu za watu.

#23 Tabibu_Msaidizi
Pole sana. Hii ya makundi ya ushauri ipo na inaokoa wagonjwa, nakiri. Lakini jina na sura havina kazi kwenye ushauri. Funika kadi, piga kidonda tu.

#24 MzeeWaKibandaUmiza
Na wale wanaochangisha matibabu na sura ya mtoto?

#25 WakiliKijiweni
Mzee hapo pagumu. Bila sura watu hawachangi. Sina jibu.

#26 MwanaMvita
Na sisi wazazi je? Mimi namlaumu mtoto simu mezani, mamake mwenyewe anyonyesha huku apitisha kidole. Mie naona ugonjwa uko kwetu, watoto waambukizwa tu.

#27 MtuWaTakwimu
Hiyo sasa ni sababu ya sita kwenye uzi huu: mtambo, bweni, viwanja, kamari, dirisha la zahanati, na sasa wazazi.

#28 dada_wa_Geita
Samahani naingilia. Nimesoma kimya tangu jana. Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 13, naishi naye. Mtu alijifanya msichana mwenzake, wakachat wiki tatu, akamwomba picha, akatuma. Sasa anamtishia atazisambaza asipotuma nyingine. Nimezijua jana usiku kwa sababu alikuwa anatapika. Mume wangu anasema nizifute zote na nivunje simu. Nifanyeje?

#29 WakiliKijiweni
Dada usifute kitu na usivunje simu. Ule ni ushahidi. Piga picha ya kioo ya jina la akaunti, namba na vitisho, ila picha zenyewe za mtoto usizitume kwa mtu yeyote, hata kwangu, hata kwa nia ya kusaidiwa. Kuzisambaza ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Msilipe, msitume nyingine, msimjibu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

#30 MuuguziWaZamu
Dada piga 116 sasa hivi, ni simu ya msaada kwa watoto, bure. Na mtoto asilale peke yake usiku wa leo. Mwambie kwa maneno haya: hujakosa, umedanganywa na mtu mzima. Mwambie zaidi ya mara moja.

#31 FundiWaKioo
Kuna huduma inaitwa Take It Down kwa walio chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya picha humohumo kwenye simu, picha haitoki, na mitandao iliyojiunga inaitumia alama hiyo kuizuia ikipandishwa. Ukikwama nitakuelekeza hatua kwa hatua hapa. Simu iwe na chaji, usiizime.

#32 NiaF4
Dada, mwambie yupo mwenzake wa miaka 17 hapa aliyetishiwa hivyohivyo akiwa na 14. Sikumwambia mtu mwaka mzima. Yeye amekwambia siku ya kwanza.

#33 dada_wa_Geita
Amekwambia asante. Nimepiga, amepokea dada mmoja, tumeongea dakika arobaini, na mtoto ameongea naye mwenyewe. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda Dawati. Mume wangu ndiye kashika simu, kaiweka chaji.